Nzi, Chambo na Samaki Aliye Majini: Juu ya Kufasiri Vitabu vya Trauti

Ziko namna za vitabu ambazo sijapata kuziona katika Kiswahili, na mojawapo ni vitabu vya kuvua trauti kwa nzi wa bandia katika mito ya milimani. Kwa Kiingereza vinajaza rafu nzima. Risala ya kwanza ya namna hiyo ilipigwa chapa mwaka 1496, na mpaka leo vingine vinaendelea kutoka. Vingi katika hivyo ni vya kufundisha kazi tu, navyo havimhusu mhakiki zaidi ya kitabu cha kushona nguo au cha kufuga kuku. Lakini vichache ni fasihi halisi, na hivyo vichache ndivyo ninavyotaka kuvizungumza, kwa sababu vinaiuliza lugha yetu swali ambalo haijaulizwa mara nyingi.

Msomaji ana haki ya kustaajabu. Mwalimu wa Kiswahili akaaye Chanika, ambako vijito vitokavyo vilima vya Pugu vina maji ya vuguvugu na samaki wake ni kambale na perege, ana shughuli gani na samaki wa maji ya baridi? Jibu ni kwamba trauti si mgeni wa jana katika nchi zetu. Mwaka 1905 mlowezi aitwaye Ewart Grogan aliagiza mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Uskoti, na watoto wa samaki hao wakatiwa katika Mto Gura, katika milima ya Nyandarua ambayo wakati huo Waingereza waliiita Aberdare. Mayai yalivuka bahari yakiwa yamehifadhiwa kwa ubaridi, yakapanda reli kutoka Mombasa, na mahali reli ilipokoma yakapanda mlima kwa vichwa vya wapagazi. Baadaye aliletwa trauti wa rangi ya upinde wa mvua, naye akaenea katika mito ya Mlima Kenya. Wakati wa utawala wa Waingereza trauti walipandikizwa vilevile katika mito ya Kilimanjaro na ya nyanda za juu za kusini mwa Tanganyika. Basi samaki huyu amekwisha kuishi kwetu zaidi ya karne moja. Amezaa na kujukuu, lakini hana fasihi katika lugha inayosemwa na watu wa mito yake kutoka Nyeri mpaka Mbeya.

Hata jina lake tumeazima, nalo halina ubaya: trauti huyu, trauti hawa, sarufi imempokea bila vurugu. Taabu kubwa haiko kwa samaki bali kwa nzi. Mwanafunzi mmoja aliniletea kurasa chache alizozifasiri, na juu yake ameandika kwa herufi kubwa, "Uvuvi wa Nzi." Darasa lilicheka, wala sikuwalaumu. Katika Kiswahili uvuvi wa papa ni kuwavua papa, na uvuvi wa dagaa ni kuwavua dagaa. Basi uvuvi wa nzi ni kazi ya mtu aliyekaa jikoni na kitambaa mkononi. Na hata tukiusahihisha muundo tukaandika "kuvua kwa nzi," neno lenyewe limebeba mambo ambayo kitabu hakiyataki. Nzi wetu ni mdudu wa jalala na wa kidonda. Methali yetu imsifuyo kuliko zote yasema kwamba nzi kufia kidondani si haramu, na hata hiyo ni sifa yenye harufu.

Yafaa kumtazama mdudu mwenyewe anayeigwa. Aghalabu ni mdudu aishiye chini ya maji mwaka mzima au zaidi akiwa tunutu, kisha siku moja hupanda juu, hupasua ngozi, hupata mbawa, huruka pamoja na wenzake kwa maelfu, hutaga na kufa. Maisha yake ya mbawa ni ya saa chache au siku moja. Hana hata kinywa cha kulia chakula. Samaki hungoja saa hiyo kama watu wanavyongoja karamu. Sisi tunaye mdudu wa jambo hilohilo, ila yeye hutoka ardhini: ni kumbikumbi. Huja na mvua za kwanza, hujaa hewani jioni moja, hupukutisha mbawa, nao kuku, ndege na watoto humla kwa furaha. Na wale wa Ziwa Nyasa wanawajua wadudu wapandao majini kama nguzo za moshi, ambao watu wa kando ya ziwa huwakusanya na kuwafinyanga mikate. Mtu asemaye "kumbikumbi wa mtoni" amekwisha kumpa msomaji wa Kiswahili wingi, ufupi wa maisha, msimu na ladha, yote kwa pamoja. Neno "nzi" halimpi hata kimoja.

Iko taabu ya pili, iliyo ya ndani zaidi. Mvuvi wetu wa mshipi hutia ndoana chambo, na chambo ni chakula: pweza, ngisi, dagaa, au kipande cha samaki mwingine. Samaki huja kula, na hadaa ni ile ndoana iliyofichwa ndani ya kweli. Katika kuvua trauti kwa namna tunayoizungumza, hakuna chambo. Kuna nyoya la jogoo, manyoya ya sungura na uzi wa hariri uliofungwa juu ya ndoana ndogo kuliko punje ya mtama. Yote ni sura tupu. Tena mshipi wetu huzamishwa kwa chubwi, lakini huko hakuna chubwi. Uzito umo katika mshipi wenyewe, nao ndio urushwao nyuma na mbele hewani mpaka unyooke, ili ile sura isiyo na uzito itue juu ya maji kama iliyojitua. Kwa hiyo mfasiri akiandika "akatupa ndoana yake mtoni," amekosea mara mbili, maana ndoana haikutupwa, tena haikwenda chini. Wako wavuvi wa pwani yetu wakokotao mshipi nyuma ya chombo wakiwa wamefunga vitambaa na nyuzi zing'aazo badala ya chambo, nao wana maneno ya kazi hiyo. Mfasiri ataongozwa vizuri zaidi nao, akienda kuwasikiliza Kunduchi au Bagamoyo, kuliko na kamusi iliyotungwa mezani.

Lakini maneno hupatikana kwa kutafutwa. Nionalo mimi kuwa gumu ni jambo la mahali anapokaa samaki katika fikira zetu. Samaki mkunje angali mbichi: samaki huyu yuko mkononi mwa mpishi. Samaki mmoja akioza wote huoza: hawa wako katika tenga au mtungo. Methali zetu za samaki, kwa sehemu kubwa, zinaanza baada ya uvuvi kwisha. Mtu ataniletea ile isemayo kwamba mvuvi ndiye ajuaye alipo pweza, nami naikubali kuwa ya majini. Walakini pweza huyo amejikalia pangoni mwake, na shauri lililobaki ni la mkuki. Sisemi kwamba huu ni upungufu. Watu walao samaki kila siku hufikiri juu ya samaki aliyepatikana, na hekima yao ni hekima ya kugawa, kuhifadhi na kuuza. Vitabu vya trauti ni kinyume cha hayo. Samaki wake yu majini bado, kurasa kwa kurasa, na akitoka majini hadithi karibu imekwisha. Tunaulizwa kama Kiswahili kinaweza kukaa muda mrefu hivyo na samaki ambaye hajapatikana.

Nitatazama vitabu viwili. Cha kwanza ni The Compleat Angler cha Izaak Walton, kilichotoka London mwaka 1653. Mwandishi alikuwa mfanya biashara aliyezaliwa mwaka 1593, hakuwa mtu wa chuo kikuu. Kitabu ni mazungumzo ya njiani: mvuvi, mwindaji na mfuga kozi wanakutana wakitoka mjini, kila mmoja anausifu mchezo wake, kisha mfuga kozi anashika njia yake na mwindaji anakuwa mwanafunzi wa mvuvi. Wanafunzi wangu hawakupata shida na sura hiyo. Ni baraza linalotembea. Ni kama watu watokao Gongo la Mboto kwa miguu kuelekea Chanika wakishindana kwa maneno mpaka wamesahau jua. Kila mmoja hupewa zamu yake asemee fani yake bila kukatizwa, nayo ni adabu ya majibizano ambayo pwani haikufundishwa na mtu.

Kuna mahali kitabuni ambapo mvuvi anampa samaki wake mama mkamua ng'ombe na bintiye, nao wanamlipa kwa kumwimbia. Darasa liliielewa sehemu hii mara moja, kuliko yote. Samaki ametoka majini amekuwa kitoweo, kitoweo kimekuwa hisani, na hisani imelipwa. Hapo Walton ni jirani yetu kabisa, na mfasiri aweza kuandika akiwa amefumba macho. Vivyo hivyo pale anapoeleza namna ya kumpika samaki mkubwa wa mito ya kwao kwa chaza na viungo. Walton hakuwa miongoni mwa watu wa siku hizi wamrudishao samaki mtoni baada ya kumtazama. Alikula.

Hata hivyo anayemsoma Walton kama kitabu cha furaha tu hajamsoma. Kilitoka miaka minne baada ya Mfalme Charles kukatwa kichwa. Walton alikuwa upande wa mfalme na wa kanisa lake, na upande huo ulikuwa umeshindwa. Makasisi aliowapenda walikuwa wamefukuzwa katika parokia zao. Hayo hayasemwi waziwazi katika safari ile ya kando ya mto. Kuna maji matulivu, nyumba ya wageni yenye shuka zinukiazo vizuri, nyimbo za kale zilizobandikwa ukutani, na watu wasemao polepole mno, kama wagonjwa waliokatazwa kutaja ugonjwa. Utulivu huo ni wa mtu aliyepoteza. Mfasiri asiyelijua hilo ataandika Kiswahili cha uchangamfu na kukiharibu kitabu chote, hata kama kila neno lake ni sahihi.

Ni lazima niseme pia kwamba Walton, ambaye jina lake limekuwa kama bendera ya wavuvi wa nzi, hakuwa fundi wa nzi. Mengi aliyoyaandika juu ya jambo hilo aliyapokea kwa wengine. Sehemu ya nzi iliyo bora iliandikwa na rafiki yake kijana, Charles Cotton, ikaungwa na chapa ya tano ya mwaka 1676. Cotton alikuwa na mto wake, Dove, wenye maji meupe yapitayo kwenye mawe, na mwaka 1674 alijenga kando yake kijumba cha kuvulia na kuchora juu ya mlango herufi za majina yao wawili zikiwa zimefungamana. Nathari ya Cotton haina ule mwangwi wa Walton, na wahakiki wengi humweka nyuma. Mimi namweka mbele kwa kazi yetu hii. Anaangalia maji. Anajua nzi gani hutoka mwezi gani, na manyoya ya mnyama gani yatafanya rangi yake. Hana haraka ya kutoa mafundisho ya moyo. Ikiwa mfasiri wetu ataanza mahali, na aanze kwa Cotton, kwa maana huko kuna vitu, na vitu huilazimisha lugha kuzaa.

Kitabu cha pili ni A River Runs Through It cha Norman Maclean, kilichotolewa na matbaa ya Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1976. Maclean alikuwa mwalimu wa fasihi, na kitabu hiki, chake cha kwanza cha hadithi, kilitoka akiwa na umri wa miaka 73. Jambo la kututuliza sisi tulio katika miaka ya 40 tukiwa bado tunasahihisha mitihani. Ni hadithi ya watoto wawili wa mchungaji wa kanisa, wenye asili ya Uskoti, katika milima ya Montana. Baba aliwafundisha kurusha mshipi kwa hesabu ya nne, akitumia chombo kile cha kupigia mahadhi ambacho walimu wa muziki hukiweka juu ya piano. Mwanafunzi wa mashairi yetu ya mizani hana budi kutabasamu hapo, kwa kuwa anamwona mzee anayeamini kwamba uzuri hauji kwa mtu asiyehesabu kwanza. Ndugu mdogo anaizidi hesabu ya baba yake na kuwa fundi asiye na mfano, naye ni mlevi na mcheza kamari ambaye nyumba yake yote inampenda na haijui namna ya kumsaidia. Anauawa kwa kupigwa, kama alivyouawa mwaka 1938 Paul, ndugu halisi wa mwandishi.

Jambo la kutazamwa ni kiasi. Kifo hicho kinapewa nafasi ndogo sana, na samaki wanapewa kurasa nyingi. Msomaji mwenye haraka atalalamika kwamba vipimo vimepinduliwa. Kumbe ndivyo ilivyopasa. Ndugu yule hakuweza kushikwa. Aliweza tu kutazamwa akiwa katikati ya mto, mshipi wake ukizunguka juu ya kichwa. Kama vile Walton alivyotumia mto kufunika kanisa lake lililoanguka, Maclean autumia kumfunika mtu aliyeponyoka mikononi mwa waliompenda. Samaki aliye majini katika vitabu hivi ni sura ya jambo lisilopatikana, ndiyo maana haviharakishi kumtoa. Hapo ndipo ninapopata jibu la swali langu la kwanza. Kiswahili kimezoea sana kukaa na jambo lisilopatikana. Robo tatu ya mashairi yetu ya mapenzi hayana kazi nyingine. Hatukosi uwezo huo, ila hatukuwahi kumpa samaki kazi hiyo.

Turudi sasa kwenye Mto Gura. Walowezi wa Kenya waliandika juu ya trauti wao, katika magazeti, kumbukumbu na miongozo ya wavuvi, nami nimesoma kiasi cha maandishi hayo. Kwa ustadi wa kazi hayana kasoro. Kwa fasihi ni makavu, na nadhani sababu inaonekana tukiyaweka kando ya vitabu viwili nilivyovitaja. Aliyeandika hakuwa amepoteza kitu kando ya mto ule; alikuwa amepata. Amepata mto, samaki, leseni, na ukungu wa asubuhi unaomkumbusha kwao. Aliyepoteza alikuwa amesimama hatua tatu nyuma yake akibeba kapu, na kapu ndilo lililoandikwa. Wapagazi wa mwaka 1905 waliopandisha maji yenye uhai ndani yake mpaka kwenye baridi ile hawana majina katika hadithi ielezwayo kila mara ya mwanzo wa trauti wa Kenya.

Tena mito ile ilikuwa na maana yake kabla ya trauti. Wagikuyu wa zamani hawakula samaki. Mto kwao ulikuwa wa kuteka maji, wa mpaka, wa ibada na wa tohara. Ngũgĩ wa Thiong'o alipoandika The River Between, kilichotoka mwaka 1965, aliuweka mto katikati ya matuta mawili yanayotazamana kwa uhasama, akamwaga kando yake damu ya vijana wanaotahiriwa, wala sikumkuta humo mtu aliyesimama na ndoana. Ni nchi moja na ile ya trauti. Kitabu cha mlowezi kina mto wenye samaki usio na watu, na kitabu cha Ngũgĩ kina mto wenye watu usio na samaki, na mtu angeweza kuvisoma vyote viwili bila kugundua kwamba maji ni yaleyale.

Mwaka 1952 unaonesha hali hiyo kuliko maelezo yangu. Tarehe 6 Februari, binti wa mfalme wa Uingereza alikuwa katika nyumba aliyozawadiwa na koloni kwa ajili ya harusi yake, karibu na Mto Sagana wenye trauti, chini ya Mlima Kenya, na hapo ndipo alipopashwa habari kwamba baba yake amefariki na yeye ni malkia. Tarehe 20 Oktoba ya mwaka huohuo ilitangazwa hali ya hatari, na misitu ya Nyandarua na ya Mlima Kenya ikawa makao ya wapiganaji. Watu wakalala kwa miaka kando ya vijito vilevile vilivyokuwa na sheria ya kuvua kwa nzi wa bandia tu. Mwandishi gani atasema kwamba hapa hakuna jambo la kufunikwa na maji?

Nasikia wanaosema kwamba mchezo huu ni wa kigeni na wa watu wenye nafasi, na kwamba lugha yetu ina haja zilizo kubwa zaidi. Sehemu ya kwanza ya usemi huo ni kweli, na haizuii kitu. Kandanda nayo ilikuja melini. Sehemu ya pili naikataa, maana lugha haikui kwa haja zake kubwa peke yake. Hukua pia pale mtu anapotaka kueleza jinsi uzi unavyotua majini bila kutikisa kivuli, akakosa neno, akamwendea mvuvi wa Kunduchi kumwuliza.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa wanafunzi wanaotaka kuifanya kazi hii ni mfupi. Walianze shairi la manyoya na uzi la Cotton, si baraza la Walton. Wamwache nzi jikoni na wamchukue kumbikumbi. Chubwi na chambo wasivitaje mahali ambapo havipo. Na yule mtu mwenyewe anayesimama mtoni wasiharakishe kumwita mvuvi. Kwetu mvuvi ni mwenye kazi, na watoto wake hula kutokana nayo; mtu wa Cotton ameacha chakula mezani kwake akaenda kutafuta kingine. Nilipomweleza mvuvi mmoja wa pwani shughuli za mtu huyo, tangu manyoya ya sungura mpaka kumrudisha samaki majini, alifikiri kidogo, akauliza kama mkewe anajua.